Ndege Wadogo Uani: Namna ya Kuwapa Chakula, Maji na Usalama

Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, mara nyingi hazidi uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari. Mwili mdogo namna hiyo haubebi akiba kubwa. Kila siku, tangu alfajiri, ni lazima atembelee maua mengi na kukamata wadudu, la sivyo njaa itamwahi kabla ya asubuhi nyingine. Anapotua juu ya ukuta wa nyumba yako anatafuta mambo manne: chakula, maji, mahali pa kujificha na mahali pa kutagia. Uwanja uliosakafiwa kwa simenti kutoka barazani hadi getini hauna hata moja, naye hupita kwenda zake.

Wengi hudhani kwamba ndege huitwa kwa punje za mtama. Punje husaidia, lakini huwafikia wala mbegu tu, tena kwa muda ule ambao sinia lina kitu. Kinachowaleta ndege na kuwaweka ni uwanja wenyewe: mimea inayopokezana maua, mbegu na matunda mwaka mzima, wadudu wanaoishi ndani ya mimea hiyo, na mwenye nyumba asiyemwaga sumu. Haya yote hayahitaji eneo kubwa. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinatosha sana, na mpangaji mwenye kibaraza na ndoo tatu kuukuu za kupandia maua anaweza kuanza leo.

Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa wakazi wa Pwani, kuanzia Dar es Salaam na Zanzibar hadi Mombasa, lakini karibu yote yanafaa pia Arusha, Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu.

Watambue kwa midomo yao

Majina ya ndege wadogo hutofautiana mji hadi mji. Njia rahisi ya kujua ndege anataka nini ni kumtazama mdomo.

*Mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda.* Huyu ni chozi. Hunywa mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua. Madume wa aina nyingi hung'aa rangi ya kijani, zambarau au nyekundu; majike wana rangi iliyofifia. Chozi hula pia wadudu na buibui, na makinda wake hulelewa zaidi kwa hao.

*Mdomo mfupi na mnene.* Hawa ni wala mbegu: chiriku, mnana, shomoro, na wale wadogo wa kahawia wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, ambao hutembea kwa makundi kwenye majani marefu.

*Mdomo wa wastani.* Shore ana kichwa cheusi, mgongo wa kahawia na rangi ya manjano chini ya mkia. Hula matunda na wadudu, na ni miongoni mwa ndege wanaoanza kusikika kabla jua halijachomoza.

*Mdomo mwembamba ulionyooka.* Hawa ni wala wadudu. Mmoja wao ana kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho. Hujificha vichakani, hupekua majani makavu yaliyoanguka, na huimba kwa sauti nzito na tamu alfajiri na magharibi. Uwanja usio na kichaka wala majani makavu hauwezi kumpata.

Kati ya Oktoba na Aprili wapo pia wageni kutoka mbali. Mmoja wao ni ndege mdogo wa kijani iliyochanganyika na kahawia, mwenye uzito wa gramu 10 hivi, anayesafiri kutoka Ulaya na Siberia kuja kukaa Afrika miezi ya baridi ya huko kwao. Kwake mti wenye viwavi ni kituo cha kuokoa maisha.

Panda chakula, kipokezane mwaka mzima

Kwa ajili ya mbochi, anza na shubiri. Hustahimili ukame, huota hata kwenye ndoo iliyotobolewa, na aina kadhaa huchanua wakati wa kiangazi, maua mengine yanapokuwa haba. Haibiskasi hushika kirahisi kwa kipandikizi cha tawi na hutoa maua karibu miezi yote. Chagua ile yenye petali chache zilizo wazi. Maua yaliyojazana petali hupendeza macho lakini huziba njia ya mbochi. Mlonge unaochanua hutembelewa sana na chozi, nawe unabaki na mboga ya majani. Mgomba nao ni chakula: chozi hunywa kwenye ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, hivyo usilikate mapema ikiwa huna haja nalo. Mwenye kiwanja kikubwa apande mwambangoma, mti wa asili wenye maua mekundu yanayojaza matawi hata kabla majani hayajarudi.

Kwa ajili ya mbegu, acha mashina machache ya mchicha yakomae na kukauka yakiwa yamesimama. Mbegu zake ndogo hupendwa na chiriku na wenzake. Panda mstari mmoja wa uwele au alizeti ukutani. Tenga kona moja ambayo nyasi zitaachwa zirefuke hadi zitoe mbegu, kisha uzifyeke baada ya ndege kumaliza.

Kwa ajili ya matunda, mfurusadi hukua haraka na huzaa matunda madogo ambayo shore huyaona kabla yako. Mpera, mkunazi na mpapai hufanya kazi hiyohiyo. Ukitaka kugawana kwa amani, funika kwa mfuko wa wavu matunda unayoyataka na uwaachie ndege yale ya juu kabisa.

Chakula muhimu kuliko vyote ni wadudu, nacho hakinunuliwi dukani. Hata wengi wa ndege wanaoishi kwa mbegu huwalisha makinda wao viwavi, kwa sababu kinda anahitaji protini ili manyoya yaote. Miti ya asili hubeba wadudu wengi kuliko mimea mingi ya kigeni, maana wadudu wa hapa wameizoea tangu zamani. Unapokwenda kutafuta miche, iwe kwenye vitalu vya wakala wa misitu, TFS, kwa Tanzania au vya taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kwa Kenya, uliza miti ya asili ya eneo lako. Epuka lantana: ndege hula matunda yake kweli, lakini husambaza mbegu zake porini, ambako hufunika malisho na miche ya asili.

Maji: kina kifupi, safi kila siku

Maji huleta ndege hata wale wasiogusa chakula chako. Tumia sahani ya chini ya chungu cha maua au sinia kuukuu. Kina kiwe sentimita 2 hadi 5 tu. Ndege mdogo huogopa kina ambacho hawezi kusimama ndani yake. Ikiwa chombo ni laini, weka mawe machache ili apate pa kushika.

Kiweke juu ya kigogo au meza ndogo, penye kivuli, mita 2 hivi kutoka kwenye kichaka. Umbali huo unampa ndege nafasi ya kukimbilia, na unamnyima paka nafasi ya kuvizia. Kuna pia mbinu isiyogharimu kitu: toboa tundu dogo sana chini ya chupa ya plastiki, ijaze maji, itundike juu ya sahani idondoshe polepole. Tone linalodondoka huonekana na kusikika kutoka mbali. Chozi wengi hupenda kuoga kwenye majani yaliyolowa, kwa hiyo unapomwagilia bustani jioni, lowesha na matawi.

Suala la mbu lazima lichukuliwe kwa uzito. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda vyombo vidogo vya maji majumbani. Hutaga mayai ukingoni mwa chombo, nayo huweza kukaa pakavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila siku mwaga, sugua kingo kwa brashi, kisha jaza maji mapya. Ukisafiri, kifudikize chombo hadi urudi.

Kichaka na kiota

Ndege mdogo huishi kwa kujificha. Ua wa michongoma au bogonvilia iliyoachwa ijae humpa ngome yenye miiba ambayo kunguru na paka hushindwa kuipenya. Panga mimea kwa ngazi: nyasi na maua chini, vichaka katikati, mti mmoja au miwili juu. Ndege huzitumia ngazi hizo akishuka kunywa na akipanda kukimbia.

Viota huongezeka mvua zinapoanza, kwa kuwa ndipo viwavi na kumbikumbi wanapojaa. Kata ua wako wakati wa ukavu, na kabla hujapitisha panga chungulia ndani ya kila kichaka. Chozi hushona kiota kinachoning'inia kwa nyuzi za buibui, na mara nyingine hukitundika kwenye waya wa taa barazani. Akikuchagua, mwache. Mayai hukaliwa kwa wiki mbili hivi, na makinda huhitaji wiki nyingine mbili hadi tatu kabla ya kuruka. Ndiyo sababu pia ya kutofagia kila utando wa buibui kwenye kuta za nje: bila nyuzi hizo, kiota hakishikani.

Ukikuta kinda chini, mtazame. Akiwa ameota manyoya na anarukaruka, anajifunza; mweke kwenye tawi lililo karibu, ondoa paka, na wazazi wataendelea kumlisha. Akiwa uchi, mrudishe kiotani. Harufu ya mkono wako haitamfanya mama amkatae.

Mnana wanahitaji neno lao la pekee. Hujenga viota vingi kwenye mti mmoja, hupiga kelele kutwa, na huchana majani ya minazi kwa ajili ya kusuka. Ikiwa mnazi wako ni wa biashara utaona hasara. Lakini wakichagua mti wa kivuli, waruhusu wamalize msimu wao.

Majani makavu, nyoka na usafi wa uwanja

Tumelelewa tukijua kwamba uwanja uliofagiliwa ndio heshima ya nyumba, na kwamba kichaka karibu na mlango huleta nyoka. Hofu hiyo ina msingi, na ndege wanaweza kukaribishwa bila kuidharau. Acha mita 3 kuzunguka nyumba ziwe safi, zionekane wazi usiku na mchana. Vichaka, nyasi ndefu na majani makavu viwe upande wa mbali, ukutani. Usirundike mawe, mbao au mabati karibu na mlango, maana huko ndiko panya hujificha, na nyoka humfuata panya.

Majani yaliyofagiwa usiyachome. Moshi hufukuza ndege na kuumiza vifua vya watoto, na moto huteketeza minyoo na wadudu waliomo. Yasambaze chini ya vichaka vya kule nyuma, unene wa kiganja kimoja. Yataweka unyevu, yataoza kuwa mbolea, na yule mwimbaji wa kifua cha chungwa atayapekua kila asubuhi.

Ukitaka kuweka chakula siniani

Weka uwele au mtama mkavu, kiasi kinachoisha kwa asubuhi moja. Sinia liwe juu, lisilofikiwa na panya, na lioshwe kwa maji ya sabuni na kuanikwa juani kila wiki. Ukiona ndege aliyevimba manyoya, asiyeruka akikaribiwa, acha kuweka chakula kwa wiki mbili ili kundi litawanyike. Ugonjwa huenea wanapobanana.

Zingatia haya matano:

1. Usitumie mbegu za kupandia zilizotiwa dawa. Hutambulika kwa rangi nyekundu, kijani au buluu, nazo huua ndege na kuku.
2. Usiweke mabaki ya ugali, wali au mkate. Hushibisha bila kujenga mwili, na huita kunguru.
3. Tenga chakula na maji ya ndege wa porini mbali na kuku wako. Magonjwa kama kideri huweza kupita kati yao. Nawa mikono kila mara.
4. Kwenye maeneo ya mtama na mpunga, usimwage nafaka nje wakati mashamba yanakomaa. Jirani anayewinga kweleakwelea ana shida ya kutosha.
5. Maji ya sukari si ya lazima ukiwa na maua. Ukiyaweka, changanya kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, bila asali wala rangi, na ubadilishe kila siku kwa sababu ya joto.

Waondolee hatari

*Dawa za wadudu.* Mnyunyizio mmoja unaoua kila mdudu kwenye mchicha huondoa pia chakula cha makinda, na kiwavi mwenye sumu huliwa kabla hajafa. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni yaliyopulizwa chini ya majani. Viwavi wakubwa okota kwa mkono. Sumu ya panya nayo humfikia bundi anayemla panya huyo, kwa hiyo tumia mtego.

*Paka.* Mfungie ndani alfajiri na jioni, saa ambazo ndege wako chini wakila. Paka aliyeshiba bado huwinda.

*Vioo.* Ndege huona mti ndani ya kioo na kujigonga. Bandika alama ndogo upande wa nje, zikiachana sentimita 5, kwenye dirisha zima. Ukimwona ndege akipigana na kioo cha gari au dirisha siku nzima, hiyo si ishara mbaya kwa nyumba. Anaona sura yake na kudhani ni mpinzani aliyeingia eneo lake. Funika kioo kwa mfuko siku chache, atatulia.

*Kunguru.* Kunguru wa India, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka. Kutoka huko ameenea Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine, na huiba mayai na makinda kwa wingi. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 Kenya ilitangaza lengo la kupunguza kunguru hao milioni moja. Mwenye nyumba hawezi kuwaondoa peke yake, lakini anaweza kuwanyima chakula: funika pipa la taka, fukia mabaki ya samaki, osha palipochinjiwa kuku.

*Manati na tundu.* Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa, kwa Tanzania chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwa Kenya chini ya sheria ya mwaka 2013. Ila mtoto hafundishwi kwa kutajiwa vifungu. Mpe kazi ya kubadilisha maji ya sahani na daftari la kuandika waliofika. Mtoto aliyewahi kusubiri kinda aruke ataweka manati chini kwa hiari yake.

Mwaka wa bustani

Januari na Februari: joto kali na ukavu. Maji ndiyo yanayohitajika kuliko yote. Yajaze asubuhi na alasiri.

Machi hadi Mei, masika: panda miche na vipandikizi. Usikate vichaka. Sugua sahani kwa bidii zaidi kwa sababu ya mbu.

Juni hadi Septemba: pogoa kwa uangalifu, sambaza majani makavu, acha mchicha na nyasi zikauke na mbegu zake.

Oktoba hadi Desemba, vuli: panda tena, pokea wageni kutoka kaskazini, acha viota vitulie.

Subira, kumbukumbu na majirani

Maji hugunduliwa ndani ya siku au wiki chache. Maua huchukua miezi. Viota mara nyingi huja baada ya msimu mzima wa ndege kukuchunguza. Andika tarehe, aina na alichokula. Baada ya mwaka utajua mmea upi wa kuongeza. Programu ya simu ya Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure na husaidia kutambua ndege kwa picha na sauti. Walioko Nairobi wanaweza kujiunga na Nature Kenya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909, ambayo kwa miaka mingi imeongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi.

Faida itakurudia mwenyewe. Shore na mnana hupunguza viwavi kwenye mboga, na chozi hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na bustani yenye ndege huthibitisha hivyo kila msimu.

Lakini kiwanja kimoja peke yake hakiwezi kumlisha ndege mwaka mzima. Jozi moja ya chozi huzunguka nyumba kadhaa kwa siku, na njia yao hukatika pale palipo na simenti tupu au dawa. Kwa hiyo kazi ya pili, baada ya bustani yako, ni ya jirani. Shubiri ikizaa vichipukizi, ng'oa viwili umpelekee. Ukipogoa haibiskasi, mkatie tawi. Mweleze kwa nini umeacha kupuliza dawa. Nyumba tano za mtaa mmoja zikifanya hivi, ndege watakuwa na mahali pa kuishi, na watoto wa mtaa huo watakua wakiwajua kwa sauti zao.